Semina ya Nyeri

Nzula alirekebisha darubini, akatazama tena. Ndani ya chembe za damu mlikuwa na pete ndogondogo, kila moja na kito chake chekundu. Malaria! Na hapa Dagoretti Corner hakuna mbu wa kuiambukiza.

Udadisi ukamtoa maabarani hadi kwenye benchi, mgonjwa alikokuwa akitetemeka ndani ya leso ya mkewe.

"Mzee, una malaria. Mwezi huu ulisafiri wapi?"

"Nyeri tu," mke akamjibia. "Semina ya kazi, wiki mbili."

"Nyeri ni baridi, mama, malaria haiko huko," Nzula akasema, kalamu tayari. "Labda alipitia Kisumu? Busia?"

Mke akaivua leso yake mabegani mwa mumewe, akaikunja taratibu.

"Mjibu daktari."