Nukta ya Yasna

Tulikuwa tumeshaanza kushuka mlima kwa gari kutoka kwenye darubini ya kutazamia nyota, mimi dereva nikiwa kwenye usukani, Yasna alipoufungua mchoro wa profesa wake aliyekaa pembeni yake. Galaksi zote zilikaa kwenye mstari mmoja: gesi iliyosongamana ikizidi, nyota huzaliwa kwa wingi na galaksi hung'aa. Moja, ambayo Yasna aliipima kwa miaka mitatu, haikuwapo.

"Profesa, umeifuta?"

"Binti yangu, ile inatuharibia mstari," alicheka. "Inang'aa bure, gesi yenyewe haina."

"Basi mstari wako ndio mwongo!"

Yasna alichomoa kalamu, akaitoboa karatasi pale galaksi yake ilipostahili, wino ukamchafua goti yeye mwenyewe.

"Mzee, simamisha gari. Huyu ateremke," Yasna aliniambia.

Nikakanyaga breki.

Profesa alitembea kilomita tisa. Mimi nilifukuzwa. Yasna sasa anafundisha hesabu shuleni, mjini Calama. Mstari ulichapishwa, umenyooka kama rula.