Taa ya Duara la Tatu

Kitone kimoja kilikuwa chekundu, na Edson alicheka mpaka akashika meza.

“Dada Zuhra, yaani umetoka Shinyanga mjini kuja kutuchorea upele?”

Kwenye kioo cha kompyuta, ramani ya mtandao wa mgodi ilijaa vitone vya kijani: ofisi, geti, karasha la kusaga mawe, na mashimo ya kuchimbia, duara la kwanza na duara la pili. Cha duara la tatu tu ndicho kilichogoma. Zuhra alikuwa amesimika programu ya kusimamia mtandao kwenye seva ya Linux bila kosa hata moja, na sasa kitone hicho kilikuwa kinamharibia kazi. Mama Zakia, mfanyabiashara wa Nyasubi mwenye mgodi huu wa Mwakitolyo, alikuwa amekaa kando, na alishasema: ramani isipokamilika, hasaini, na Zuhra afungashe.

“Programu haikioni kisanduku cha mtandao cha duara la tatu,” Zuhra alisema.

“Haikioni? Ivalishwe miwani!”

Edson alikuwa mkuu wa mtandao pale mgodini, cheo alichokichapisha mpaka kwenye fulana. Alinyoosha kidole dirishani. Mawingu ya mvua yalikuwa yametanda, na juu ya nguzo ya duara la tatu, ndani ya kisanduku cha plastiki, taa ya kijani ilikuwa inakonyeza.

“Nilikifunga kwa mikono yangu hii. Mimi naiona taa, Mama anaiona, programu yako haioni. Nani kipofu?”

“Labda kinatumia betri, na betri imechoka?”

“Betri!” Edson alimgeukia Mama Zakia. “Mama, unamsikia fundi wako? Betri ni za redio ya bibi. Kile kinakula umeme huuhuu wa mgodi, kama vingine vyote.”

Jilala, msimamizi wa duara la tatu, alikuwa amesimama mlangoni na tope lake. “Lakini, mayu,” alimwita Mama Zakia kwa Kisukuma, “sisi kule mtandao hatuupati. Juzi maji yalipopanda nilikuja kuwaita kwa miguu.”

“Na visimu vyenu vya tochi mnataka vishike nini?” Edson alimkata. “Kila Jumatatu napanda mwenyewe kukihudumia, na sitaki mtu akiguse. Ninyi shikeni sululu.”

“Hilo kweli,” Jilala alikiri. “Usipopanda, taa yenyewe inafifia.”

“Si unaona? Bila mimi mngekuwa gizani.”

Mama Zakia akapiga miayo. “Edson, maneno mengi. Tufanyeje?”

“Mashine ikikaidi, Mama, dawa ni moja: zima, washa. Wala si seva peke yake, mgodi mzima. Wachimbaji wako juu wanakula. Vitu vyote viamke pamoja, hiyo programu ijihesabie upya.”

“Kila kitu?” Zuhra aliuliza. “Na duara la tatu?”

“Hasa duara la tatu!”

Akaenda kwenye ubao wa umeme, akakunja mikono ya shati kama anayetaka kubeba gunia, akaishusha meinswichi.

Feni ikajikokota, ikasimama. Kompyuta zikafa. Karasha likanyamaza. Kisanduku cha pale ofisini kikafumba macho yake yote. Wakageukia dirishani.

Juu ya nguzo ya duara la tatu, taa ya kijani ilikuwa inakonyeza.

“Mayu,” Jilala alisema taratibu, “kumbe yetu hata umeme haili.”