Nyumba ya Kuchakulo Isiyo na Kazi

Kuchakulo, mwenye mkia mrefu na subira fupi, alishinda wiki nzima akihangaika mjini. Akamwita fundi Mchwa amjengee nyumba ya kupumzikia shambani.

"Sitaki kufagia, sitaki kuezeka, sitaki kupalilia," alisema. "Nimechoka na kazi."

Mchwa akajenga kwa udongo mgumu, akaweka paa la jiwe, na uani akamwaga kokoto.

Jumamosi ya kwanza, kabla Kuchakulo hajafumba jicho, shangazi yake aliingia na ukoo mzima nyuma yake.

"Tumesikia hapa kwako hakuna kazi, mwanangu, basi tumekuja kupumzika. Chai iko wapi?"

Kuchakulo akapika, akaosha vyombo, akatandika, akapika tena. Jumatatu alirudi mjini kupumzika.

"Nyumba gani hii umenijengea?" alimfokea Mchwa.

"Uliyoitaka," Mchwa akajibu, naye amechoka kulaumiwa. "Ulinitajia vumbi na magugu. Shangazi hukumtaja."

Kuchakulo akakuna kichwa. "Basi zoa kokoto zako. Nilimie shamba, uliache liote magugu, na majembe uyaegemeze mlangoni, yaonekane toka njiani."

Jumamosi shangazi alifika na ukoo wake, akasimama.

"Karibuni, shangazi," Kuchakulo aliita. "Mmekuja wakati mzuri. Kila mtu achague jembe lake."

Shangazi akakumbuka kwamba ameacha mgonjwa nyumbani.

Kuchakulo alilala hadi jioni. Magugu yalipofika dirishani, akayashukuru kwa kivuli.