Aliyeigusa Injini Hii

"Nani ameigusa injini hii?"

Baba aliuliza akiwa ameinama chini ya boneti, sauti ikitoka kama ya mtu aliye ndani ya pipa. Binti yake alikuwa amekaa nyuma ya usukani. Gari lilitetemeka mpaka vioo vya pembeni vikacheza, likakohoa, likatoa mlio kama wa fataki kwenye bomba la moshi.

Asubuhi ile lilikuwa limemzimikia kwenye makutano. Lori lililokuwa nyuma likamsukuma kidogo tu, lakini mayai hayahitaji zaidi ya hapo. Trei karibu zote alizokuwa akipeleka hotelini zilipasuka, na meneja akamwambia asijisumbue kurudi. Alipofika nyumbani viti vilikuwa vinanuka, na machozi yalishamkaukia usoni.

"Kanyaga mafuta," Baba aliamuru. "Basi. Acha lingurume hivyo hivyo."

Alichomoa waya wa plagi ya kwanza. Injini ikayumba, ikataka kufa. Akaurudisha. Akachomoa wa pili. Mngurumo haukubadilika hata kidogo. Wa tatu, vile vile.

"Zima."

Akanyoosha mgongo, akafuta mikono kwenye suruali. "Nyaya mbili zimebadilishwa. Wa huku umepelekwa kule, wa kule umeletwa huku. Huyu ni fundi au ni muuza nyama?"

"Sijui, Baba."

"Hujui? Gari lako, hujui nani alilifungua?"

Akaondoa kifuniko cha chujio la hewa, akachungulia. Kisha akaingiza koleo akavuta kipande cha shati la mistari, cheusi kwa grisi.

"Haya. Ameliziba pua, halafu anataka lipumue."

Mama alikuwa ametoka jikoni na kikombe cha chai. Alikitambua kile kitambaa, akakichukua taratibu mkononi mwa Baba, akakikunja ndani ya kiganja.

"Bibie, umeona lakini?"

"Nimeona."

"Mwanao angeungulia barabarani. Na huyo mpuuzi hivi tunavyoongea yuko mahali ametulia, anakunywa chai."

"Na wewe kunywa yako kwanza," Mama alisema.

Hakunywa. Alirudisha kila waya mahali pake bila hata kufikiri, akazing'oa plagi, akazisugua, akazikaza kwa mkono kabla ya kuzigusa kwa spana. Maisha yake yote yalikuwa ni hayo. Watu walimletea magari yaliyokatiwa tamaa kwingine, wakaondoka nayo yakiimba.

"Ulilinunua lini hili?" aliuliza akiwa bado ameinama.

Binti alimtazama kidogo kabla ya kujibu. "Siku nyingi, Baba."

"Ungenishirikisha. Nisingekuacha mikononi mwa watu kama hawa. Washa."

Injini iliwaka mara moja. Ilinguruma laini, bila kutikisa hata funguo zilizoning'inia. Mtu mwingine angetabasamu. Baba alifunga boneti kwa kishindo.

"Sasa nipeleke kwake."

"Kwa nani?"

"Kwa huyo aliyelifungua."

"Gari limepona, Baba. Tuyaache."

"Nimefanya kazi hii tangu hujazaliwa, na sijamrudishia mtu gari likiwa hivi. Watu wa aina hiyo ndio wanaofanya sote tuitwe matapeli. Kwa nini unamficha? Ni bwana wako?"

"Simfichi."

"Basi nipeleke."

Binti alimgeukia Mama. Mama alitikisa kichwa: usifanye hivyo. Lakini binti alikuwa amemeza mengi. Ya meneja aliyameza, na ya madereva waliompigia honi makutanoni, na sasa anafokewa kwenye ua wao, kuhusu gari lake mwenyewe. 

"Panda," alisema.

Wakatoka. Njia nzima Baba alikuwa akiyapanga maneno yake. Angemwambia hivi, angemuuliza vile, angemwonyesha kidole. Binti alipita sokoni, akapita kiwandani, akazunguka uwanja wa mpira, akitumaini hasira za mzee zitapoa. Hazikupoa. Na zake nazo zikazidi kuchemka, mpaka mikono ikamuuma kwa kuubana usukani.

"Mji umejaa siku hizi," Baba alisema ghafla, akitazama nje. "Hapa ni wapi?"

 Binti alikata kona, akashika njia ileile waliyojia, akasimama mbele ya lango lilelile walilotokea.

"Tumefika," alisema kwa ukali, bila kumtazama. "Fundi wako anakaa hapa. Shuka ukamwambie."

Akasubiri. Alijiandaa kwa matusi, alijiandaa kwa kimya, alijiandaa hata kuona kidevu cha baba yake kikitetemeka. Tayari alikuwa anajuta.

Baba alifungua mlango, akashuka. Alichomeka shati vizuri, akaenda akagonga lango kwa ngumi, kwa nguvu, kama mtu mwenye haki yake.

Mama alifungua.

Baba akavua kofia. "Samahani kwa usumbufu, mama," alisema. "Namtaka mumeo. Ameharibu gari la mwanangu, na siondoki hapa mpaka aniambie nani alimfundisha kazi."

Mama alimtazama. Akamtazama binti yake kule garini. Kisha akalifungua lango lote.

"Ametoka," alisema, "lakini huwa anarudi. Karibu ndani umsubiri."