Jezi Kambani

Timu ile ilikuwa na desturi yake: anayeondoka hufua jezi yake kwa mikono yake, akairudisha ikiwa kavu. Ngwali alifulia yake nyuma ya jukwaa. Jumamosi, alipotolewa uwanjani, aliivua hiyo hiyo akaikanyaga matopeni mbele ya mashabiki, akafoka, "Niacheni niende zangu!" Leo asubuhi, msimu ukiwa katikati, wamemwacha aende.

Ngwali alipokwisha kuianika, Bi Tatu, mfuaji wa timu, alikaa naye wakaingoja. Nje ya geti, gari la timu yake mpya lilipiga honi.

"Si uliyataka mwenyewe, mwanangu?"

"Nilitaka wanibembeleze, Bi Tatu. Mabao yote yale! Nilijua watanibembeleza."

Jua lilikuwa kali. Bi Tatu aliipapasa jezi mgongoni, penye namba kumi, kisha makwapani.

"Imekauka. Lete nikukunjie."

Honi ililia tena, safari hii kwa hasira. Ngwali aliianua, akainusa. Ilinukia sabuni tu.

"Bado ina doa," alisema.

Bi Tatu aliitazama jezi nzima, hakuona doa. Akamsogezea ndoo, na Ngwali akaizamisha tena majini.