Unywele wa Chuma

Treni dogo la kuchezea mezani lilifika pale njia mbili za reli zinapokatana, likafa. Hii mara ya tatu. Kisanduku cha umeme kikaanza kunuka, mke akakizima mbio.

Mumewe, dereva mstaafu wa treni, alikuwa akitazama kutoka kitini. Tangu kiharusi kimpige hakuwa ametamka neno. Daktari alisema, mrudishieni anachokipenda. Basi mke akafuta vumbi mezani, akazisugua reli alizozichonga mumewe kwa mkono, zikang'aa kama sufuria za mgeni.

Kidole cha mume kikainuka polepole. Kilielekea kwenye ufa mwembamba aliouacha relini ili umeme wa njia hii usiguse wa njia ile.

Mke aliinama, pua karibu iguse meza. Ndani ya ufa ulilala unywele mmoja wa chuma, umegusa huku na huku.

Akaunyofoa kwa kibanio cha nyusi. Akawasha. Treni likapita.

Nyuma yake sauti ikakwaruza, nzito kama bawaba yenye kutu. "Nani... kaleta... waya wa kusugulia sufuria... humu?"

Mke hakugeuka. Hakuthubutu.

"Mimi, mzee wangu. Hebu nigombeze tena."