Simu Tatu kwenye Sufuria

Jumamosi hema zetu zilienda matanga Bondo, viti vikaenda Katito, spika zikaenda Manyatta. Familia tatu, na hakuna iliyopata vyote ilivyoagiza, kwa sababu kila msimamizi, wa hema, wa viti na wa spika, alijipokelea mteja wake kimyakimya.

Jumatatu Nanyama, mwenye kampuni yetu ya kukodisha vifaa vya matanga, aliweka sufuria mezani.

"Tumbukizeni simu. Wiki nyingine kama ile, tunafunga."

"Lakini Mama, hao ni wateja wangu," msimamizi wa hema akanung'unika.

"Wako? Basi wakalie hema."

Simu tatu zilipoingia, moja ikaanza kutetemeka. Sufuria ikanguruma, ikasogea polepole hadi ukingoni mwa meza.

Msimamizi wa viti akaichukua simu ile, akawatazama wenzake wawili.

"Pole kwa msiba, Mzee. Jumamosi? Subiri kidogo, niulize hema."